Joto la Jua Mkononi

Miaka ile ya shida ya mafuta, magari yalipokatazwa kutembea Jumapili mchana, ndege yetu ndogo ya Shinyanga ililala miezi saba. Ruhusa yangu ya kuruka mawinguni kwa kutazama vipimo tu ikaisha. Masika yalikuwa mlangoni, na bila ruhusa hiyo ningewekwa kando, mimi niliyezoea kujisifu mitaani.

Mtahini alikuja, mzee wa Kisukuma asiyependa maneno. Alasiri tukapaa kuelekea Geita. Akanivisha kofia yenye ukingo mrefu, isiyoniachia kitu cha kuona ila vipimo.

Niseme ukweli: nilidanganya. Jua lilikuwa likiniunguza mkono wa kushoto. Ndege ikigeuka hata kidogo, joto lilihama, nami nikairekebisha bila kuisumbukia mishale ya vipimo. "Vizuri," mtahini akaguna. Nikavimba kichwa.

Ghafla mkono ukapoa, ndege ikaanza kutikisika. Mwili wangu wote uliniambia tumelalia kulia. Vipimo vikasema tumelalia kushoto, tena tunashuka. Mbele yetu kulikuwa na vilima vya Geita, vile walivyovitoboatoboa wachimba dhahabu, na sikujua viko umbali gani.

"Mzee, chukua wewe!" nikapaza sauti. Nikaivua kofia, mtihani na ufe. Nje kulikuwa kweupe tupu, hata ncha ya bawa haikuonekana. Mtahini alikuwa ameng'ang'ania kiti kwa mikono miwili. "Mayu wane," alinong'ona, akimwita mama yake kwa Kisukuma. Kisha akasema, "Na mimi sijaingia wingu tangu mwaka jana. Mafuta, baba. Shika wewe."

Nikaivaa tena kofia, maana weupe ule ulikuwa unanitia wazimu. Nikageuza usukani kulia, upande ambao mwili wangu uliapa ungetuua. Mishale ikatulia. Nikapanda juu, nikageukia kusini-mashariki, nikihesabu dakika kwa sauti. Tulipotoka winguni na kuiona Shinyanga, nililia bila aibu.

Uwanjani alinisainia kitabu cha ruhusa. Kisha akaiomba kofia.

"Kesho zamu yangu. Ukae kulia, uniangalie."

Akashusha mikono ya shati lake kufunika ngozi, akafunga vifungo kimoja kimoja.

"Miaka yote," akasema, "na mimi nilikuwa nafuata jua."