Wimbo Uliokatwa Katikati ya Salamu

Nilikuwa Kibwezi nikipakia vitunguu kwenye lori mpiga besi wa bendi niliyowahi kuitumikia aliponipigia simu kuniambia kwamba Solo ametuacha. Ndivyo tulivyomwita, kwa kuwa gitaa la solo ndilo alilolipiga tangu ujana wake Kathonzweni. Kifua, akasema, kilianza kama homa ndogo tu. Nikakaa juu ya magunia. Dereva akaniuliza kama naumwa, nikamjibu ndiyo.

Ninyi mnaonisoma mnajua sina makao, hufuata kazi inakopatikana. Kuna msimu nilibeba spika za bendi hiyo, nikagundua kwamba nyimbo zake hazikuwa na urefu maalumu. Beti zikiisha, magitaa yaliachwa yafukuzane, naye Solo akawasalimia watu kwa majina juu ya mdundo: mwenye duka, mama wa chapati, shemeji aliyetoka Mombasa. Kwetu Ukambani, kwenda kucheza na kurudi bila kutajwa ni kama kualikwa ukanyimwa chakula. Siku moja pale Kabati wimbo ulianza soko likiwa limejaa, ukaisha wauza mbuzi wakienda zao.

Alitamani kitu kimoja: watu wasiomjua wausikie wimbo mzima. Wengi walimcheka, wakidai vijana wa mjini hawana subira. Kisha tukaalikwa kwenye tamasha kubwa Nairobi. Mratibu alitaka wimbo mmoja mfupi. Magitaa yalipoanza kufukuzana, vijana wasiojua neno la Kikamba wakasogea mbele, naye kwa mazoea akaanza salamu. Majina aliyoyajua yalipomwishia, akainama kuwauliza yao. "Mzee, usinipite, mimi ni wa Kisumu," msichana mmoja akamwambia. Mratibu akampungia mkono ashuke. "Ngoja, kijana," mzee akasema kwenye maikrofoni, "hawa bado sijawasalimia."

Waandaaji wakakata sauti. Aliendelea kupiga nyuzi zisizosikika, midomo ikitaja majina, umati ukimshikia mdundo kwa makofi mpaka alipoteremshwa. Tulipopita Sultan Hamud njiani kurudi, akaniuliza, "Lakini uliwaona? Walikuwa wanataka."

Niliwaona. Waandaaji nao waliwasikia, maana vijana hawakuacha kumwulizia. Mwaka huu walimrudia wenyewe, wakamwomba afunge tamasha, apige mpaka achoke. Kifua kikawahi.

Watu huniuliza kama matamasha yanaweza kuufikisha muziki huu mrefu kwa kila mtu. Yanaweza. Jukwaa kubwa huleta masikio mengi, na masikio hayo hayakatai kitu kirefu yakikaribishwa vizuri. Kinachokosekana ni muda, na huo tunawabania walio hai. Tulimzika Jumamosi. Kwaya ya kanisa iliimba, kisha kila aliyetaka kumsifu akapewa nafasi. Tukasema, tukarudia, mchana ukaisha, na hakuna aliyekatizwa. Nilisimama pale nikiwaza kwamba huo mchana wote ulikuwa wake, nasi tumempa wakati hawezi tena kushika gitaa. Kama unaye mtu ambaye hajamaliza wimbo wake, mwache apige leo.