Kifaru wa Udongo Aingia Motoni Huruma

Saa mbili asubuhi, na ua wa ploti hii ya mtaa wa Huruma, Nairobi, umejaa moshi. Njoki, jirani wa mlango wa pili, anaanua nguo zake huku akinung'unika. "Leo tena?" anauliza.

"Leo tu, mama," anajibu Nakhumicha, mfinyanzi wa miaka arobaini na mmoja, bila kuinuka. "Huyu akitoka mzima, nimemaliza."

Huyo ni kifaru wa udongo, urefu wa mkono mzima, aliyefukiwa ndani ya pipa la maranda yanayoungua polepole. Watatu waliomtangulia walikatika pembe motoni. Jumamosi shule za mtaa zina maonyesho ya sanaa kuhusu wanyama walio hatarini kutoweka, na kila mwenye kazi yake ukumbini atapata kiti katika basi la kwenda mbugani. Nakhumicha anakitaka kiti hicho sana. Amefinyanga vifaru sitini, na hajawahi kumwona hata mmoja.

Kazi hii ilianza kwa kosa. Alitoka Bungoma akiuza vyungu vya kupikia, kumi kwa wiki, mpaka sufuria zikamfukuza sokoni akawa anauza viwili. Mwaka juzi, 1984, Wasike, mlinzi wa kiwandani, akamwagiza kifaru cha kumzawadia kaka yake aliyestaafu jeshi. Akafinyanga wiki mbili nzima. Wasike alipofika, alimzunguka yule mnyama, akauliza kwa upole: "Mama, mzinga wake uko wapi?"

Maskini, alitaka kile cha vita, cha kwenye gwaride.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," anasema Nakhumicha. "Halafu nikawauliza watoto wa ploti, kifaru ni nini? Wote wakaniigizia mabomu. Nikaona aibu. Mwenye jina amesahaulika, gari la vita limebaki nalo."

Kweli tupu. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru karibu elfu ishirini. Leo inakisiwa hawafiki mia tano. Wanauawa kwa ajili ya pembe.

"Hata huku kwangu pembe ndiyo inamletea balaa," anasema. Udongo anauchota kule Njiru na kuuchanganya na vigae vilivyosagwa. Pembe lazima iwe na uwazi ndani, la sivyo maji yaliyojificha humo huchemka na kuipasua.

Saa kumi na moja jioni anafukua majivu kwa kijiti. Sikio moja limemeguka. Anafuta masizi, pembe ya mbele inajitokeza, kisha ya nyuma. Zote nzima. Njoki anapiga makofi, na Nakhumicha analia kidogo, bila kujificha.

Namuuliza umbo hili alilijuaje. Ananionyesha picha ya kalenda ukutani. Imekatwa sehemu ya nyuma.

"Mkia nilikisia," anasema. "Tukifika mbugani nitamwangalia huko nyuma kwanza. Kama nilikosea, narudi kuwarekebisha wote sitini. Naomba tu nimkute."