Meno Ndani ya Mashuka

Mume wangu alizikwa bila meno yake. Yalikuwa ya bandia, ya juu, na yalipotea hospitalini siku aliyofariki. Muuguzi alisema huenda yalikunjwa ndani ya mashuka yakapelekwa kufuliwa. Mtu ambaye hata mimi hakunikubalia nimwone bila meno alilala jenezani mdomo umebonyea, na watu wakapita kumtazama.

Baadaye nikapata kazi mtaa wa Tyseley, huku ughaibuni, kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali. Niliomba kuwekwa upande wa kuchambua machafu, ambao wengine waliukwepa. Sikusema kwa nini.

Mezani tulikuwa wanawake wanne. Aliyepata kitu kigumu alikitaja kwa sauti ili wengine wasimamishe mikono. Kwa meno ya bandia, Mreno alisema "dentadura." Mwitaliano, "dentiera." Mama wa Kongo, aliyesomea Kifaransa, "dentier." Walielewana kama watu wa ukoo mmoja. Hata jino moja lilikuwa hivyo: dente kwa wale wawili, dent kwa Mkongo, ingawa yeye mwisho wa neno aliumeza. Mimi nilisema "meno," na Mkongo peke yake, aliyejua Kiswahili, ndiye aliyeinua kichwa. Nyumbani kwangu, mtaa wa Newtown, hakukuwa na wa kuinua kichwa.

Walinitania kwamba nakimbilia kila seti ya meno kana kwamba nafungua duka. Siku moja nikamwambia Mkongo ukweli. Lazima aliwaambia wenzake, maana utani uliisha.

Kisha asubuhi moja Mreno akasema "dentadura" polepole, bila kupaza sauti. Wote wakanitazama. Yalikuwa ya juu, makubwa, yenye umanjano kidogo. Ya mume wangu yalikuwa na ufa kwenye jino la pembeni. Niliyageuza na kuyageuza, nikiutafuta.

"Mama, ni ya bwana yako?" Mkongo aliuliza.

Nilitaka kusema ndiyo. Wangefurahi, nami ningekuwa na kitu cha kurudi nacho nyumbani.

"Siyo yake."

Mreno akaniambia kwa Kiingereza nichukue tu, hakuna atakayejua. Lakini mwenyewe labda yu hai, anakula uji mahali fulani akiyasubiri. Niliyapeleka kwa msimamizi.

Wiki ile niliomba kuhamishiwa upande wa kukunja mashuka safi. Huko mashine zina kelele, na hakuna anayemtajia mwenzake chochote.