Mpira wa Tyubu Kwenye Betri ya Baba

Naandika haya nikiwa nimejifungia chumbani, na masikio bado yananichoma, kwa sababu kila nikikumbuka Jumamosi ile natamani ardhi ya Mara nzima ipasuke inimeze mimi na daftari langu. Nilimwacha mtu mzima mwenye mke na watoto atukanwe na kushushwa kwenye boti mbele ya ukoo mzima kwa kosa langu, nami nikiwa nimekaa pale pale nimeshika ua la plastiki. Nimeshaanza kwa aibu, basi acha niimalizie yote.

Mimi ni mtu wa haya. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, najibu kwa sauti ndogo mpaka mwalimu ananiuliza, "Nyafuru, unaongea na dawati?" Sasa dada Nyangeta alipopata mchumba wa Butiama, kamati ya harusi (yaani shangazi Tabu, kamati yote ni yeye) ikaamua risala ya familia nisome mimi, eti mimi ndiye msomi wa nyumba. Msomi wa kidato cha tatu! Wiki nzima sikulala vizuri. Ijumaa mchana watu wote walikuwa wameenda kuchambua mchele, nikaona hapo hapo nifanye mazoezi na kipaza sauti peke yangu, niizoee sauti yangu ikitoka kwenye spika. Spika ya kwaya ilikuwa nyumbani kwetu, ila inatumia betri, na betri ya sola yetu ilikuwa imeisha kwa sababu ya mawingu ya siku tatu.

Betri niliyoijua ina nguvu ni ya boti ya baba.

Boti yenyewe ni ya tanga, ina injini ya dizeli ndani. Aliyekuwa nayo zamani ni mzungu mmoja, baba alikuwaga anamlindia, akaondoka akamwachia. Baba anaipenda boti ile kuliko ng'ombe wake. Anayeitunza pamoja naye ni kaka Masatu, aliyemwajiri, miaka kumi na miwili sasa, na sijawahi kusikia baba amemgombeza. Funguo za boti zinakaa jikoni kwetu kwenye msumari, nikazichukua, nikashuka mwaloni, pale ufukweni boti zinapofungwa, nikafungua nati za betri kwa spana namba kumi, nikaibeba kichwani mpaka nyumbani.

Nikasoma risala mara nne. Nikajisifu.

Wakati wa kuirudisha ndio shetani akaingia. Waya mwekundu niliufunga vizuri. Nilipofika kwenye ule mweusi spana ikaniponyoka, ikadumbukia chini ya injini kwenye maji meusi ya oili, na mimi nilikuwa nimeshasukwa nywele na kupakwa hina vidoleni. Nikaangalia yale maji, nikaangalia vidole vyangu. Halafu nikafanya kile ambacho mtu yeyote wa huku kwetu angefanya, maana sisi tunafunga kila kitu kwa mpira wa tyubu, mzigo kwenye baiskeli, mlango wa banda la kuku, hata miwani ya babu. Kulikuwa na kipande kimening'inia, nikakivuta, nikazungusha kwenye kile kichwa cha betri, nikabana na waya juu yake, nikazungusha tena, nikakaza kwa meno. Nikautikisa waya, hautikisiki. Nikaondoka naimba. (Mtihani wa Fizikia wa umeme nilikuwa wa kwanza darasani. Swali la pili kabisa lilikuwa: taja vitu vitatu visivyopitisha umeme. Mimi niliandika mpira. Niliandika mpira WA KWANZA.)

Jumamosi saa mbili asubuhi tukajaa kwenye boti. Misa ilikuwa saa nne Musoma mjini. Kwa barabara kutoka kwetu huku rasini ni kuzunguka, na mvua zilikuwa zimeichana barabara, ila kwa boti ni dakika arobaini tu. Bibi harusi kakaa katikati kwenye kiti kilichofunikwa shuka jeupe, mashangazi wamevaa sare za njano, vigelegele mpaka ndege wa ziwani wakahama. Baba kavaa suti. Akaingiza funguo, akasema, "Haya, kwa jina la Bwana," akazungusha.

Ta!

Kimya. Akazungusha tena. Ta! Mlio mmoja tu mkavu, injini haigeuki hata kidogo.

"Tweka tanga basi," akasema shangazi Tabu.

"Upepo uko wapi, shangazi?" kaka Masatu akamjibu. Kweli, ziwa lilikuwa limetulia kama uji uliopoa.

Mimi wakati huo nilishajua. Baba akavua koti, akaigonga stata, ile mota ya kuzungushia injini, kwa nyundo kama wanavyofanyaga ikikwama, akajaribu tena, ta! Jasho likaanza kumtoka. Akainuka akauliza kwa sauti ya watu wote, "Nani ameigusa injini hii jana?"

Hapo ndipo palikuwa pangu. Neno moja tu. Mdomo ukafunguka, nikaona macho ya mashangazi yote yale, ya dada, ya mpiga picha na kamera yake inayorekodi, mdomo ukajifunga.

"Mimi niliosha boti tu, Mzee," kaka Masatu akasema. "Injini sikuigusa."

"Na nani mwingine anayeshikaga injini hii? Mke wangu?"

"Mzee, nakuambia sikuigusa."

"Uliosha! Umemwagia stata maji! Miaka kumi na miwili nakufundisha, siku ya mwanangu ndio unaniharibia? Shuka. Shuka kwenye boti yangu, na Jumatatu usije!"

Kaka Masatu alikuwa amevaa shati jipya la bluu, bado lina mikunjo ya kwenye paketi. Akaruka mchangani, akavishika viatu vyake mkononi, akaondoka akipita katikati ya akina mama wanaoanika dagaa, nao wakaacha kuanika wakamwangalia mpaka alipopotea nyuma ya vibanda. Mimi nikaangalia ua langu la plastiki. Lilikuwa na petali saba.

Akaitwa fundi Magesa, anatengenezaga injini za mitumbwi ya dagaa. Akaja na kikapu cha spana, akapiga honi ya boti, honi ikalia vizuri. "Betri nzima hiyo, mura wee," akasema, "kama honi inalia, shida ni stata." Akagusanisha vyuma viwili vya stata kwa bisibisi, ikatoka cheche nyembamba kama ya kiberiti kilicholowa, ta! Akatikisa kichwa. "Imekufa. Tuifungue."

Simu ya baba ikaita, ilikuwa ya baba mkwe wa Butiama, na kwa kuwa baba alikuwa na oili mikononi dada ndiye aliyeibonyeza, sauti ikasikika boti nzima.

"Mkwe, mko wapi? Padri ana ndoa nyingine saa sita. Kama mmebadili mawazo mtuambie mapema, sisi tumetoka mbali na wazee."

"Tuko karibu kabisa," baba akasema, na tulikuwa tumefungwa kwenye mti.

Dada akaanza kulia, poda ikaanza kuchora mifereji. Stata ikatolewa, nzito, nyeusi, ikakosa pa kuwekwa, shangazi Tabu akatoa kitenge chake cha njano kwa uchungu kama anatoa figo. Fundi akafungua nyuma, akaangalia kaboni zake, vile vipande vya kupitisha umeme vinavyolika, akazipuliza, akazipima kwa kidole.

"Mzee, stata hii nzima. Kaboni nene hizi. Hata tone la maji halimo."

"Kwa hiyo?"

"Ngoja niijaribie moja kwa moja kwenye betri."

Akainama kufungua waya mweusi. Nikamwona anasita. Akavuta kitu, kikavutika, kikaendelea kuvutika, kirefu, cheusi.

"Nani amefunga mpira hapa kati ya waya na betri?" Akaunyanyua juu kila mtu aone. "Waya umegusa kwa ncha tu hapa pembeni! Kamoto ka honi kanapita, lakini stata inakula umeme mwingi, utapita wapi? Huyu aliyefunga hakusoma?"

Baba akafungua mdomo, na nikajua kabisa jina linalokuja, nikajua litakuwa Masatu kwa mara ya pili. Nikasimama.

"Ni mimi."

Nadhani nilisema kwa ile sauti ya kuongea na dawati maana shangazi Tabu akauliza, "Nini?" ikabidi niseme tena, na nieleze habari ya spika, na spana, na hina. Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga. Fundi Magesa alicheka mpaka akaketi juu ya injini, shangazi akasema, "Si ndiye wa kwanza Fizikia huyu?" Baba alikaa chini akashika kichwa akaangalia kule nyuma ya vibanda.

Stata ikarudishwa, waya ukafungwa chuma kwa chuma, injini ikanguruma mara moja. Tulifika mjini saa tano kasorobo, misa ikaanza tumevimba macho, wakaoana. Risala niliisoma. Sikumbuki hata neno moja.

Jumapili nikaenda kwa kaka Masatu na keki kwenye hotipoti. Baba alikuwa ameshanitangulia asubuhi kumwomba msamaha wakiwa wawili ndani. Shati la bluu lilikuwa kwenye kamba, limefuliwa bila kuchafuliwa. Nikapiga magoti nikasema yote. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Keki tutakula," akasema. "Na kwa baba yako nitarudi kazini. Lakini Nyafuru, mimi nilitukanwa mbele ya watu. Wale akina mama pale mwaloni wanajua Masatu ni mzembe aliyeharibu harusi. Wewe unanisafisha hapa kwenye mkeka, nani kasikia?"

Kwa hiyo Jumatatu, kabla ya shule, na sare yangu, nikasimama katikati ya nyavu za dagaa. Mara ya kwanza hawakunisikia, wakaendelea na stori zao. Mara ya pili nikapaza mpaka sauti ikapasuka: "Aliyeharibu injini Jumamosi ni mimi, siyo kaka Masatu! Niliweka mpira kwenye betri nikanyamaza!" Mmoja akasema, "Kumbe ni haka?" wakaangua kicheko, na tangu hapo nikipita naitwa Mpira, hata watoto wadogo wananiita Dada Mpira.

Kaka Masatu alikuwa kwenye boti anachota maji. Hakugeuka, ila aliacha kuchota mpaka nilipomaliza.

Nimejiapia kwamba sitagusa tena betri ya mtu bila kuomba, hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba siku nyingine ikiulizwa "nani?" na ni mimi, nitajibu kabla mtu mwingine hajavua viatu. Haya yangu ilikuwa yangu, sikuwa na haki ya kumvisha kaka Masatu.