Shule zikifungwa, mmoja kwa susu, mwingine wodini

Ficha jina langu, admin. Ya watoto nimeyabadilisha, lakini wifi yangu husoma page hii kuliko anavyosoma Biblia, kwa hivyo akinitambua, basi, anitambue.

Nina miaka thelathini na mbili, nimeolewa, tunaishi Mountain View. Mimi ni Mkikuyu, mume wangu ni Mkamba, na kwa majina ya watoto hatukugombana kwa sababu mila zetu zinafanana: msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, wa pili la mama ya mama. Kwa hivyo Mwende, ambaye ana miaka saba, ni wajina wa mama mkwe. Wambui, wa miaka mitatu, ni wajina wa mama yangu, aliyefariki kabla sijaolewa, miguu imevimba na pumzi zimemwisha.

Wambui alizaliwa na tundu kwenye moyo. Anatakiwa kufanyiwa upasuaji, lakini kila tukienda kliniki daktari anasema aongeze kilo kwanza. Atazitoa wapi kilo, na akila vijiko vichache anachoka kama mtu aliyepanda mlima? Baridi kidogo tu, nimonia. Na nimonia yake inajua kalenda, inapenda shule zikifungwa.

Mwaka juzi, likizo ya Aprili, alilazwa siku chache baada ya msichana wa kazi kutoroka. Mama mkwe akatoka Machakos akaja kumchukua Mwende. Nililia kwa shukrani, siwezi kudanganya. Agosti Wambui akalazwa tena, Mwende akaenda tena. Desemba vivyo hivyo. Ikawa ndiyo kawaida yetu: mmoja kwa susu, ndivyo wanavyomwita nyanya upande huo, mwingine wodini, na mimi na huyo wa wodini, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kufa.

Kuna siku mama mkwe alipokuja nilimwomba amzoee Wambui pia, ambebe hata kidogo. Alimvuta Mwende karibu yake akaniambia: "Huyu ni mimi. Huyo mwingine ni wa kwenu. Mlimpatia jina ya marehemu, sasa marehemu anamuita." Mume wangu alikuwa ameketi hapo hapo. Aliendelea kuangalia simu yake.

Desemba hii niliapa kwamba tutakula Krismasi sote pamoja. Mwende alikuwa ameshatangulia Machakos, sisi tungemfuata. Nina stall ya nguo za watoto huko tao, katikati ya mji. Kazi yangu ni kuvisha watoto wa watu, nikasema mwaka huu wangu nao wavae. Nikawatolea gauni mbili nyekundu zinazofanana. Mkesha wa Krismasi, mabegi yakiwa mlangoni, midomo ya Wambui ikageuka zambarau. Krismasi ikatukuta wodini. Muuguzi mmoja alivaa kofia nyekundu akagawa keki, na Wambui akalamba ile sukari ya juu, akalala.

Baba Mwende alienda Machakos peke yake na gauni ya Mwende kwenye mfuko, akaahidi kurudi naye. Alirudi na kuku na ndengu. Nikamuuliza mtoto yuko wapi.

"Mum anasema abaki asome huko. Ameshaongea na headteacher."

"Na wewe ulisema nini?"

"Ningesema nini, Mama Wambui? Be honest. Huyu akizidiwa usiku, Mwende analala kwa neighbour. Anaamka asubuhi hajui kama sister yake ako ama hayuko. Huko angalau anakula na analala."

Kilichoniuma ni kwamba hapo hapakuwa na uongo hata neno moja. Hilo, na hilo "Mama Wambui". Zamani nilikuwa Mama Mwende kwa kila mtu, plotini, dukani, tao, kwa sababu mama huitwa kwa jina la kifungua mimba wake. Wauguzi ndio walioanza kuniita Mama Wambui, majirani wakafuata, sasa hata aliyenioa.

Jumapili nikapiga simu ya mama mkwe ili niongee na mwanangu. Akaishika Mwende mwenyewe. Kabla sijamaliza kumsalimia nikamsikia akigeuka na kupaza sauti: "Susu! Susu! Ni Mama Wambui amepiga!"

Hakuwa na hasira. Alisema kwa adabu kabisa, kama mtoto anayetangaza kwamba kuna jirani mlangoni. Nikamuuliza kama ile gauni ilimpendeza.

"Ilikuwa ndogo," akasema. "Susu alipatia mtoto mwingine."

Mimi, ninayeangalia mtoto wa mtu akipita nje ya stall nikajua anavaa saizi gani, sijui tena saizi ya mtoto wangu.

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Wambui ameruhusiwa kutoka, lakini kifua bado kinalia filimbi na kilo zimepungua, hazijaongezeka. Nikimrudisha Mwende, atarudi kulala kwa majirani, maana wodini tutarudi tu, hilo silikatai tena. Nikimwacha, ameenda. Hataenda kwa hasira wala kwa kilio. Atanizoea nikiwa mgeni, na amekwisha kuanza.

Tafadhali msiniandikie "vumilia dada" wala "Mungu ana makusudi yake". Hizo ninazo za kutosha, na adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ninawauliza ninyi mliolea mgonjwa na mzima kwa mikono ile ile miwili. Jumamosi dada yangu anaweza kukaa na Wambui nami nikaenda Machakos. Nishaurini, nifanye nini? Nikifika pale mlangoni, nimwambie Mwende achukue nguo zake twende nyumbani, ama niketi na wageni wengine nisubiri aniletee chai?