Kibofu cha Mbuzi na Mkeka Wangu

Harufu ya mkeka wa ukindu uliolowa mkojo kisha ukakauka juani sijaisahau. Nikiisikia popote narudi bonde la Rufiji, enzi za Mwingereza, msimu wa kulinda mpunga. Tulihama kijijini nyumba nzima tukaishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili mafuriko yakija yasitufikie. Sakafu yake ilikuwa ya fito zilizoachana, na hilo ndilo lililoniponza. Mtoto mwingine akikojoa usingizini, siri hubaki ndani. Mkojo wangu ulipenya kati ya fito ukamshukia mbuzi wa baba aliyefungwa chini. Kila asubuhi aliamka mgongo umelowa, akipiga kelele, na majirani wa mashamba yote wakajua kikojozi bado hajaacha.

Meno yangu ya mbele ya utoto yalikuwa yameshang'oka. Shangazi yangu wa Bungu alikuwa ameahidi kunichukua baada ya mavuno nikasome huko, na mimi nilikuwa siwazi kitu kingine. Lakini kwake ningelala kitanda kimoja na binti zake. Mama akasema, "Ukikojoa kwa watu utaniaibisha. Huendi mpaka uache." Akanikataza maji kuanzia alasiri. Nikawa nafukuza ndege kwenye mpunga koo limekauka, sauti haitoki, na asubuhi mkeka umelowa vilevile. Mama aliuanika nyuma ya dungu, upande wa kichaka, wapita njia wasiuone. Niliuchukia mkeka ule, na nilijichukia mwenyewe.

Mpunga ulipoisha kuvunwa, baba alimchinja yule mbuzi kwa sadaka. Maskini, alikuwa amevumilia mengi. Wanaume walishughulika na nyama, na bibi yangu, mama yake baba, akakaa na matumbo. Kaka zangu walimzunguka wakisubiri kibofu wakipulize wapate mpira. Bibi akawafukuza.

"Njoo wewe, mke mwenzangu," akaniita.

Akanionyesha figo mbili zilizokuwa zimekaa mgongoni, zimefunikwa mafuta, akapasua moja kwa kisu. "Damu yote inapita humu. Si umeona tui linavyochujwa kwenye kifumbu? Basi na damu huchujwa hivyo, taka zikashuka na maji." Kutoka kila figo ulishuka mrija mwembamba mpaka kwenye kibofu. Akakiosha kibofu kwa maji mengi, maana mkojo ni najisi, kisha akakijaza maji kwa kata na kuibana shingo yake kwa vidole. Hata tone halikutoka. Alipolegeza, maji yakamwagika miguuni pangu.

"Hapa shingoni pana nyama inayobana. Kwa mkubwa hubana hata akiwa amelala. Yako bado changa."

"Itabana lini, bibi?"

"Siku yake ikifika. Yangu mimi ilichelewa hata matiti yalikuwa yameshaanza kuota, na babu yako alinioa vivyo hivyo."

Nilicheka, halafu nikalia. Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa kuna mwingine kama mimi. Bibi akamgeukia mama. "Na maji mwache anywe. Figo zake zitachuja nini?" Kisha akanawa, akaenda nyuma ya dungu, akauchukua mkeka wangu na kuuanika mbele, kando ya njia.

"Watu wataona, mama," mama alinong'ona.

"Waone. Huko nyuma hakuna jua."

Nilikwenda Bungu, mkeka umekunjwa kwapani. Huko nako nilikojoa mara kadhaa, kisha nikaacha, na siku yenyewe siikumbuki.

Leo nimempita bibi kwa umri. Hapa Kibiti mjukuu wangu amechora figo, mirija na kibofu kwenye daftari lake kwa kalamu za rangi, na kila sehemu anaijua jina. Mimi nimeambiwa hospitalini kwamba ile nyama ya shingoni imelegea kwa uzee na kwa uzazi, na aliyeniambia aliteremsha sauti utadhani ananipa mkono wa pole. Juzi mjukuu alifua shuka langu kimya kimya, akalipeleka nyuma ya nyumba, kule upande wa bafu kusikopita mtu. Ana huruma, mtoto yule. Nikamfuata nikijikongoja kwa bakora yangu.

"Lete mbele," nikamwambia.

"Bibi, watu wataona."

"Waone. Huku nyuma hakuna jua."