Makaa Chini ya Minyaa

Asubuhi wapimaji walipofika mtaani kwetu, mama alitoa kiti, akakiweka kando ya kaburi la baba, akakaa. Hakupika chai. Nilipomwamkia aliitikia kwa kichwa tu. Alikaa pale na kanga yake begani, anaiangalia barabara, kama kijia kile cha kupita toroli moja kilistahili kuitwa barabara.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameshatangaza mkutanoni, mara tatu, ili asije mtu akasingizia hakusikia. Bomba la maji litapita kwetu tukitoa mita sita kutoka uzio wa minyaa wa upande huu hadi wa upande ule. Zikipungua, linakwenda mtaa wa pili, na sisi tutaendelea kushuka bondeni na ndoo. Wapimaji watafuata mipaka ya zamani, ile ya siku viwanja vilipouzwa. Anayeijua ajitokeze aioneshe.

Mimi nilikuwa naijua. Ndiyo maana tangu jana yake nilikuwa namkwepa mwenyekiti.

Mtaa wetu uko nje kidogo ya Tunduma, mahali ambapo unasikia honi za malori yanayosubiri kuvuka mpaka lakini malori yenyewe huyaoni. Zamani lilikuwa shamba la mahindi la mzee mmoja wa Kinyamwanga. Baba yangu alitoka Ihanda, akaiacha kahawa ya babu na kuja kujaribu bahati mpakani, akawa miongoni mwa wanunuzi wa kwanza. Yule mzee alipima viwanja kwa hatua za miguu yake mwenyewe. Kila pembe alichimba shimo, akatia makaa, akafukia mbele ya mashahidi. Makaa hayaozi wala mchwa hawayataki, aliwaambia. Siku mkigombana, chimbeni. Katikati aliacha njia pana ambayo lori la matofali lilipita bila kugusa jani.

Juu ya makaa watu walipanda minyaa iwe uzio, na hapo ndipo ujanja ulipoanzia.

Jirani yetu wa ng'ambo ya njia alikuwa Msabato. Jumamosi asubuhi yeye na nyumba yake nzima walikwenda kanisani, na baba akatoka na panga. Alipanda mstari mpya wa minyaa, hatua moja mbele ya ule wa zamani. Minyaa mipya ikishika mizizi kwa mvua, mstari wa zamani anaung'oa. Jumapili sisi tukienda kanisani kwetu, jirani naye hujibu. Tulirudi na nguo zetu za ibada tukakuta minyaa yake imesogea. Hata hivyo yeye na baba walisalimiana vizuri sana, hadi kuulizana habari za mifugo.

Nilikuwa na miaka tisa nilipoanza kumsaidia baba. Kazi yangu ilikuwa kumshikia vijiti na kufumba macho anapokata, maana utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni balaa. "Hatua moja tu, mwanangu," alikuwa akisema. "Njia haina mwenyewe." Niliona fahari kushirikishwa siri ya mtu mzima. Leo nikikumbuka nasikia aibu mpaka masikioni.

Nyumba nyingine ziliiga, za upande wetu na za upande wao, na njia ikaendelea kukonda masika hadi masika. Maendeleo hayakutusubiri tutanue. Tulipata duka, saluni, umeme, na makanisa mawili ambayo wapiga ngoma wake walishindana. Ila kila kitu kiliingia kwa kichwa au kwa toroli. Mashine ya kusaga ilibebwa na wanaume wanane, wakaipitisha ubavu huku wakitukana minyaa. Tulicheka siku ile. Tulijiona watu wa vituko, wala hatukujiona wajinga.

Kisha baba akaugua. Wiki yake ya mwisho aliomba atolewe nje, akanyoosha kidole nje kabisa ya mstari wa minyaa. "Mnizike pale." Ndugu waliona ni mtu anayependa kuwa karibu na watu. Mimi nilimwelewa papo hapo, na nilimkasirikia wakati bado anapumua. Nani angethubutu kulirudisha kaburi nyuma? Hata kufa alikufa akiwa ameongeza hatua moja.

Masika yaliyotangulia kuja kwa wapimaji, mkwe wa yule jirani, binti aliyeolewa kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alishikwa na uchungu mchana. Bajaji ilifika kwenye kona ikaishia hapo. Waling'oa mlango wakamlaza juu yake, wakambeba kwenye tope. Walipofika kwenye kaburi la baba mlango ukakwama, huku saruji, kule minyaa. Wakaurudisha nyuma, wakauinua, ukakwama tena. Alikuwa anamwita mama yangu kama wanavyomwita mama kwao, "Bamayo! Bamayo, nisaidieni!" Mtoto akazaliwa palepale. Mama alimpokea kwa kanga yake, akamsugua mgongo, akampulizia mdomoni, akamsugua tena. Mtoto hakulia.

Kanga hiyo ndiyo aliyokuwa ameitupia begani siku ya wapimaji.

Walikuja wawili, na kifaa chao cha miguu mitatu na kopo la rangi nyekundu. Mwenyekiti alisimama katikati ya njia, na watu tukajaa pande zote mbili.

"Wazee wangu, mama zangu," alisema, "mpaka uko wapi?"

Jirani yetu Msabato, sasa mzee, alikuwa anaangalia viatu vyake. Mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea mlango uleule. Nilifungua mdomo. Nikaona saruji ya baba, nikaona kiti cha mama, nikaufunga. Mwenyekiti aliuliza tena. Mpimaji mmoja akaanza kukunja futi yake, na mimi nikajua bomba ndilo hilo linakwenda.

"Nipeni jembe," mama alisema.

Alilipita kaburi akarudi ndani, akahesabu hatua nne kuelekea nyumbani kwetu, akachimba. Mara ya kwanza udongo mtupu. Mara ya pili hivyohivyo. Alisogea kidogo, akapiga tena, na jembe likatoka na weusi. Aliinama akayachukua makaa kwa kiganja, akamwonesha mwenyekiti.

"Ulikuwa unajua?" nilimnong'oneza.

"Nani alikuwa anakuosha utomvu mikononi?" alinijibu, wala hakunong'ona.

Mwenyekiti alitazama makaa, akatazama kaburi. Alikohoa. "Sasa mama, na marehemu je?"

"Alijisogeza mwenyewe," mama alisema. "Mrudisheni ndani."

Kisha mzee wa ng'ambo akavuka njia, ni hatua tatu tu, akaomba lile jembe. Alikwenda kuchimba kwake. Hakukubali kupokewa hadi makaa yake yalipotoka.

Siku hizi bomba liko pale pembeni, na bajaji mbili zinapishana. Maji yanatoka siku yakitaka, lakini yanatoka. Watu wakipanga ndoo hupenda kusimulia siku ya makaa. Mimi nakumbuka zaidi siku ya kumhamisha baba.

Vibali vilichukua muda, na mchungaji wetu alipata nafasi Jumamosi. Tulidhani tutakuwa sisi wa nyumbani na vijana wachache wa kuchimba. Tulipotoka tulimkuta yule mzee ameshafika, amevaa suti yake ya kanisani, kofia mkononi, amesimama mahali minyaa yetu ya kwanza ilipokuwa.

"Mzee," mama alimuuliza, "leo si siku yako ya ibada?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona hukwenda?"

Alilionesha kaburi kwa kofia.

"Miaka yote hiyo alikuwa anakuja hapa nikiwa kanisani," alisema. "Leo nikasema nibaki, tuonane."

Mama alicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu masika, kikamgeukia kilio mdomoni. Mzee alivua koti la suti, akamkabidhi mama alishike, akachukua sepetu.